Mjane wa Mvua na Komeo la Ndani

Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa kama gunia la mkaa, zina harufu yao: harufu ya vumbi linaloungua taratibu. Wiki iliyopita nilipita mbele ya kibanda cha fundi mmoja mtaani Kabalagala. Alikuwa amewasha moja mezani kwake, na harufu ile ikanifuata barabarani. Nikasimama. Nikajikuta nimekunja kiganja, kana kwamba nimeshika mkono wa mdogo wangu.

Nitawaambia jambo ambalo rafiki zangu siwaambii. Napenda sinema za kutisha za zamani, zile nyeusi na nyeupe, lakini siwezi kuimaliza hata moja bila kuinuka kwenda kukagua komeo la mlango. Sikusomea sinema popote. Ninachokijua nimekijua kwa kutazama na kurudia, na aya hii yenyewe nimeifuta na kuiandika upya mpaka chai imepoa. Maoni yangu ni kwamba za zamani zinazishinda za leo. Za leo zinakurukia. Za zamani zinabisha hodi na kungoja, uamuzi zinakuachia wewe. Mimi niliwahi kuachiwa uamuzi huo, ndiyo maana naziogopa, na nadhani ndiyo maana nazipenda.

Tulikaa Namuwongo, upande wa chini karibu na reli, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa askari na alikuwa amepelekwa mbali. Kutoka kambini tulibaki na Kiswahili chake na televisheni yake. Mama aliuza mapazia ya mitumba sokoni Owino. Likizo zilipofika hakuwa na mtu wa kumwachia watoto, kwa hiyo mimi, Lakot, nilimlinda Aber, mdogo wangu, ambaye viatu alikuwa bado anavivaa kinyume. Kila asubuhi Mama alisimama nje mpaka asikie nimesukuma komeo kwa ndani.

"Usimfungulie mtu," aliniambia. "Hata akilijua jina lako."

Na kabla ya kutoka alituwekea sinema. Diski zetu zote zilikwama isipokuwa moja, nayo ikiisha ilijirudia yenyewe mpaka jioni. Ilikuwa hadithi ya mjane aliyezama mtoni, na kila mvua iliponyesha alirudi kijijini, nyumba baada ya nyumba. Kwanza maji membamba yaliingia chini ya mlango. Halafu hodi. Halafu aliwaita watoto kwa majina, kwa sauti ya mtu wanayemjua, laini, ya kubembeleza. Aliyefungua hakuonekana tena. Juu ya maneno ya wazungu kulikuwa na sauti ya vijei, mfasiri wetu wa sinema, akiwafokea kwa Kiganda watu waliokuwa ndani: "Toggulawo! Usifungue, mjinga wewe, maji huyaoni?" Hapo Aber alicheka mpaka akapaliwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kufuata maagizo mpaka nukta ya mwisho, mtoto ambaye akipaka rangi nje ya mstari anachana karatasi nzima. Maji, hodi, jina, sauti tamu: niliyakariri kama katekisimu.

Basi alasiri moja mvua ikaanza kupiga mabati, na umeme ukakatika mjane akiwa bado njiani. Dirisha letu lilikuwa la mbao na nilikuwa nimelifunga. Gizani nilisikia mtaro wa nje ukibadilisha sauti, kama mtu aliyekuwa ananong'ona sasa anaguna. Kisha kitu baridi kikagusa vidole vyangu vya miguu.

Maji membamba, chini ya mlango.

Nilimpandisha Aber kitandani, nikapanda nyuma yake. Tulisikia sufuria ikigongana na mguu wa meza, ikielea. Maji yalipanda bila haraka yoyote. Na hodi ikaja.

"Lakot. Lakot mwanangu, fungua."

Ilikuwa sauti ya Mama Zamzam, jirani yetu Mnubi aliyekaanga mandazi barazani kwake. Niliitambua kabisa. Lakini si katika sinema pia sauti ilikuwa ya mtu wanayemjua? Na Mama Zamzam hakuwahi kuniita mwanangu. Nilimziba Aber mdomo. Machozi yake yalikuwa ya moto juu ya mkono wangu, na godoro chini yetu lilianza kulowa. Nilijua nikifungua tumekwisha. Nilianza pia kujua kwamba nisipofungua, Aber hajui kuogelea, na mimi sijui.

"Lakot, mtoto mzuri, usiogope."

Nikabana macho. Ndipo uvumilivu wa nje ukaisha.

"Wewe toto gani hii! Kichwa gumu kama jiwe ya kusaga! Mandazi yangu yote nakwenda na maji, mimi nasimama hapa sababu ya wewe, na wewe nanyamaza kama bibi harusi! Fungua mulango, ama nikuchape mpaka baba yako asikie huko kwa kambi!"

Nikafumbua macho. Mjane hakuwahi kumtukana mtu. Mjane hakuwa na mandazi.

Nilishuka. Maji yalinifika mapajani. Mbao zilikuwa zimevimba na komeo halikusogea, nikalivuta kwa mikono miwili huku yeye akipiga mlango kwa bega na kutaja ukaidi wa ukoo wetu wote, mpaka likafyatuka. Alimtupa Aber begani, akanishika sikio, akatupandisha hivyo mpaka relini, ambako majirani walikuwa wamesimama na magodoro vichwani. Sikio liliuma siku nzima. Sikutaka liache.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama aliichagua sinema ile makusudi, ili hofu itulinde pale ambapo yeye hakuwepo. Nililibeba hilo kimya. Hivi karibuni, tukimenya matoke, nikamuuliza.

"Ile?" Kisu kikasimama. "Si ilikuwa ya padri?"

Kwenye jalada, nikakumbuka, kulikuwa na padri ameinua msalaba. Muuzaji alimwambia Mama ni hadithi ya imani. Hakuwahi kuitazama, kwa sababu alirudi kila siku amechoka. "Nilitaka kuwe na padri nyumbani wakati mimi sipo," akasema. Kisha, taratibu: "Kama ilikutisha, mbona hukuizima?"

Kitufe kilikuwa mbele yangu likizo zote zile, na komeo lilikuwa upande wangu. Nilidhani kazi yangu ni kukaa pale nilipowekwa, bila kukosea. Katika nyumba nyingi nimeishi hivyo tangu wakati ule, na kazi nyingi nimezifanya hivyo.

Mpaka leo, mvua ikinyesha na mtu akaniita mlangoni kwa sauti tamu, mkono wangu unaganda. Aber anajua. Sasa ni mrefu kunishinda, na akija kunitembelea kwenye mvua habishi hodi. Anasimama nje, analowa, anavuta pumzi:

"Wewe toto gani hii!"

Nami navuta komeo.