Ta Elias kanikabidhi programu, nikajua anakufa

Leo asubuhi nilijua Ta Elias, mzee ninayemheshimu, anakufa.

Kanitumia barua pepe ya mistari miwili: "Programu ni yako sasa. Mimi nimejiondoa."

Ni ile programu huria inayowakumbusha wagonjwa siku ya kuchukua dawa. Kaiandika yeye, kaitunza peke yake miaka yote, bure.

Nikapiga simu. Haipatikani.

Jamani, mimi nimekulia Nshamba miaka ile ya ukimwi. Siku moja baba alinizungusha kibanja kizima, shamba letu la nyumbani, akanionyesha kila mlamula, ule mmea wa mpaka, akasema, "Sasa ni chako." Wiki ya tatu tukamzika humo humo, kwenye migomba.

Kwetu mtu hakabidhi akiwa mzima!

Nikapanda bodaboda kutoka Bilele hadi kwake Nyanga.

Nikamkuta anapogolea kahawa. Simu imeisha chaji.

"Ta, unaumwa nini?" Nilikuwa nalia, sifichi, nikamsimulia ya baba na kibanja.

"Siumwi. Baba yako alipokuonyesha mipaka, ulimuuliza nini?"

"Sikuuliza kitu. Niliogopa."

"Basi mimi niulize, ningali hapa."

Nimemuuliza maswali hadi saa nane mchana. Nilipoaga akasema, "Sasa andika humo kwenye programu jina la atakayekupokea wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimefika nyumbani, nafasi ya jina bado iko wazi, na kesho kuna watu wanaosubiri kukumbushwa dawa.



Nani kati yenu atakuja kuniuliza mimi?