Fungua Nikiona

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye baa moja ya mtaa wa Mamboleo. Meneja mpya alikuwa ameipanga kaunta upya ili vinywaji vifike mezani haraka. Bia zilikaa karibu na mkono, na opena ilifungwa kwa kamba hapo hapo kaunta, mhudumu afungue chupa nne kwa mpigo kisha azibebe.

Mzee mmoja wa kofia akaletewa chupa iliyo wazi. Akaisukuma kwa kidole kimoja, kana kwamba ni mende.

"Mama, hii imefunguliwa na nani?"

"Ni mimi, Baba, hapo tu kaunta. Siku hizi tunafanya haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Leta ingine, fungua nikiona, nijue haijatiwa kitu."

Meza zingine zikasikia. Mara wateja wote wakapanga foleni kaunta, kila mtu ashuhudie chupa yake ikifunguliwa. Meneja akachukua kisu, akaikata ile kamba, mhudumu azunguke na opena mezani.

Mzee akafunguliwa bia mpya mbele ya macho yake. Akaridhika, akainuka.

"Bwana," akaniambia mimi, ambaye hatujuani hata kwa jina, "nichungie hii, naenda choo."

Niliichunga vizuri sana. Ilipungua kidogo tu.