Vita vya Vioo

Mchezo wetu ulikuwa na sheria moja iliyokuwa na maana kuliko zote: aliyemulikwa ndiye anayesema mwenyewe kwamba amekufa. Adui alijibanza mahali, kipande cha kioo mkononi, akalivuta jua na kulirusha kwako. Wewe ukaona doa jeupe limetua kwenye gauni, ukasema "nimekufa," ukakaa chini hadi mchezo uishe. Kumulika usoni kulikatazwa kabisa. Kungoja uambiwe kwamba umekufa ilikuwa aibu, na kubisha baada ya kuambiwa ulikuwa wizi.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Iringa ni mbali na Kagera, lakini redio ilituletea vita hadi jikoni, na shuleni tulichimbishwa mahandaki ya kujificha ndege zikija. Ndege hazikuja, ila sisi watoto tayari tulikuwa tumeacha rede na gololi, tumekuwa wanajeshi. Silaha zilitoka barabara kuu, kwenye malori yaliyopinduka mabondeni, maana kioo kimoja cha pembeni cha lori kikivunjwa kwa uangalifu kilitosha kikosi kizima. Kila mtaa ulikuwa na uwanja wake wa vita na kamanda wake, na kila kamanda alijiona yeye ndiye mkuu wa majeshi.

Sina haja ya kumficha msomaji. Mwaka ule macho yangu yalikuwa yanaharibika. Haya yote ninayasema kwa mdomo na binti yangu ndiye anayeandika, naye ana tabia ya kurekebisha watu, hivyo ukikutana na neno la busara hapa ujue si langu. Jua likiwa kali, kila kitu kilikuwa cheupe kwangu, mtu na ukuta nyuma yake vikachanganyika kama uji. Jua likipungua niliona vizuri kidogo, na kwa hicho kidogo nilijidanganya. Shuleni niliketi dawati la mbele, nikamsikiliza mwenzangu aliyekuwa na mazoea ya kusoma ubao kwa kunong'ona, nami nikaandika alichonong'ona. Nilikuwa wa tatu darasani. Mtu wa tatu darasani hawezi kuwa kipofu, ndivyo nilivyojiambia.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya shangazi. Nyumbani kwetu hasa ni Mbeya, Iringa tulifuata kazi ya baba, aliyekuwa fundi wa magari ya serikali. Dada yake, shangazi yetu, alibaki Mbeya kwenye nyumba ya babu. Macho yalimwishia akiwa msichana, wakamtoa shule, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kupukuchua mahindi barazani. Alikuwa mtu mwema na mcheshi, na mimi nilimwogopa kuliko simba. Likizo moja alinipapasa uso kwa vidole vyake vilivyokakamaa, akasema nimefanana naye. Baba akacheka, akasema kama ndivyo basi siku macho yangu yakigoma nitapelekwa kwa shangazi nikamsaidie mahindi, tupukuchue wote. Baba alikuwa anatania. Mama hakucheka, nami nikalishika lile neno. Tangu siku ile nilijua adhabu ya kutoona ni nini: ni Mbeya, ni baraza, ni mahindi, na shule basi.

Jumamosi ile ya likizo mama alikwenda sokoni mapema, akatuacha mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili. Baridi ya Juni ilikuwa inauma masikio lakini anga lilikuwa safi, siku nzuri mno ya vioo. Tulianza mtaani kwetu Kitanzini, nyuma ya maghala, kwenye uwanja wetu wa siku zote. Kaka aliwekwa upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilikimbia, nikachuchumaa nyuma ya mapipa, nikarusha mwanga wangu kule nilikosikia vicheko. Mtu mmoja akasema amekufa. Nilijiona jemadari.

Kisha kelele zikaanza. Walisema nimekufa zamani. Walisema nimemulikwa tumboni, kifuani, mgongoni, na bado nakimbia. Nilikataa. Nilikataa kwa haki kabisa, kwa sababu kwenye gauni langu sikuwa nimeona doa lolote. Kamanda wetu, mtoto wa kinyozi, alinisogelea akasema kwa upole kwamba ni lazima nikae. Nilimwambia akakae yeye. Yule msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja alisema, bila ubaya, kwamba ameliona doa kwa macho yake likizunguka tumboni kwangu muda mrefu, na kwamba mtu mwingine angeona haya. Wakanifukuza. Kaka akaacha mchezo akanifuata, ingawa hakuna aliyemfukuza yeye.

Mimi nina hasira za karibu, hadi leo. Sikuwa nimeiba, kwa hiyo wao ndio waliokuwa waongo, na dawa ya waongo ni kutafuta watu wa kweli. Nikamwambia kaka twende kwenye mahandaki ya shule ya mtaa wa Mlandege, kwa watoto wa huko. Akasema turudi nyumbani. Nikatangulia.

Watoto wa Mlandege walicheza kijeshi kwelikweli. Waliingia handakini kwa mstari na hawakucheka ovyo. Walituuliza kwetu ni wapi, kaka akasema sisi ni Wanyakyusa wa Mbeya, wakatupokea kwa sababu walikuwa pungufu. Humo handakini, kwenye kivuli, niliona afadhali. Niliona ukingo wa udongo, niliona viatu vya mbele yangu, na moyo ukanitulia. Nikasema unaona sasa, kumbe macho ni mazima. Halafu kamanda akaamuru tutoke juu tushambulie, tukatoka juani, na dunia yote ikawa maziwa.

Nilisimama pale katikati nikitafuta pa kwenda. Nilisikia vishindo vya watu wakinipita, nikasikia mmoja anasema "nimekufa," mwingine anasema "nimekufa," kwa sauti za kawaida tu, watu wakikaa chini pande zangu zote. Nikabaki nimesimama peke yangu. Kwa muda mfupi nilifikiri tumeshinda. Ndipo nikasikia vicheko vya upande wa pili, na kijana mmoja wa Kihehe akauliza, "Nyie Wanyakyusa hamfi?"

Watu wakacheka hadi waliokufa wakafufuka. Ulikuwa utani wa kawaida, Mhehe kwa Mnyakyusa, na siku nyingine ningemjibu vizuri nikamfunga mdomo. Siku ile nilimrushia kioo changu. Hakikumpata. Nilisikia kikivunjika kwenye jiwe. Wakasema huyu si mwizi tu, ni mwendawazimu, na kaka akaomba radhi kwa niaba yangu. Kumsikia akiomba radhi kuliniudhi kuliko kile kicheko.

Kaka aliokota kipande kilichobaki cha kioo changu akakitia mfukoni mwake. Nilikuwa nimeanza kuogopa, na ninataka lieleweke hilo. Kitanzini niliweza kusema ni uongo. Mlandege hawakunijua, hawakuwa na sababu ya kunionea, na wamesema yaleyale. Lakini akili ya mtoto ina ujanja wake, na nilipofika karibu na mwamba wa Gangilonga nilikuwa nimeshapata njia. Tatizo langu ni kwamba nachelewa kufa. Basi nitawahi.

Mwambani walicheza watoto wakubwa, wengine wa sekondari, na uwanja wao ulikuwa mawe matupu na majani makavu katikati. Kaka alizungumza nao, sijui aliwaambia nini, wakatukubali. Akaniazima kioo chake. Mchezo ulipoanza nilijificha nyuma ya jiwe, nikasikiliza. Nilipohesabu kwamba muda wa kutosha umepita, na nikasikia majani yakilia mbele yangu, nilisimama wima nikasema kwa sauti ya heshima, kama askari, "Nimekufa." Nikakaa chini.

Kisha mtu akauliza kutoka mbali, "Nani amemmulika?" Kila mmoja akasema si yeye. Sauti moja, nyuma yangu kabisa, ikasema kwamba lile jiwe langu liko kivulini, jua halifiki pale, na hakuna mtu anayeweza kummulika mwingine pale hata akitaka.

Aliyeyaliza majani mbele yangu alikuwa mbuzi. Nilikuwa nimejisalimisha kwa mbuzi.

Hawakunifukuza hawa. Nadhani walidhani nawatania, na mmoja alisifia utani wenyewe. Lakini kaka hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu sana. Nilijua anafanya kitu kwa mikono yake mbele ya macho yangu. Nilimwambia aache. Akaniuliza aache nini.

Tulipoanza kushuka mwambani alinishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu nilipoanza darasa la kwanza. Niliuvuta, nikateleza, nikachubuka goti, akanishika tena, na mara hii nilimwachia. Chini kabisa, tulipofika njia ya tambarare, nilisimama.

"Usimwambie mama," nikasema.

Nikamwambia nitamfulia mashati yake hadi shule ifunguliwe. Nikamwambia nitampa nyama yangu kila Jumapili. Nikamkumbusha kwamba baba amesema nitapelekwa kwa shangazi, na kwamba mwakani ni darasa la saba, na mimi ni wa tatu, na wa tatu lazima achaguliwe. Alisikiliza yote. Kisha akasema baba alikuwa anatania tu. Nikamwambia kwamba mama hakucheka, na yeye alikuwepo, aliona. Hapo akaniongoza barabarani akinitajia mashimo kwa sauti ya chini, hapa kuna shimo, hapa kuna jiwe, kana kwamba tumekuwa tukitembea hivyo siku zote. Nilimchukia kwa kila shimo alilonitajia. Na kila aliponitajia nililiruka.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa amesharudi, yuko uani anaosha vyombo. Kaka aliniacha mlangoni akaenda kwa mama. Walizungumza Kinyakyusa, na mama alipokuwa na neno zito alizungumza Kinyakyusa. Sikusikia yote. Nilisikia masufuria yakiacha kugongana.

Mama aliniita. Nilitegemea kelele, kwa sababu gauni lilikuwa limechanika na goti linatoka damu, lakini hakutaja hata kimoja. Alinishika mabega akanisimamisha kwenye ukuta wa jikoni, kivulini. Akarudi nyuma hatua chache, juani. Kutoka kivulini nilimwona kama umbo tu, kanga yake na mkono ulionyanyuka.

"Nasikia mna mchezo wa vioo," akasema. "Na mimi nataka kucheza. Nikikumulika, niambie ni wapi."

Nilielewa mara moja kwamba huu ndio mtihani, na kwamba mingine yote ya siku ile ilikuwa mazoezi. Nilisimama vizuri. Nilijua kosa la Kitanzini na Mlandege lilikuwa kuchelewa, na kosa la mwambani lilikuwa kuwahi mno. Safari hii mwamuzi alikuwa mbele yangu, nilimwona mkono ukinyanyuka na kushuka, na nilikuwa na akili ya kutosha kuufuata mkono. Ukinyanyuka, ni kifuani. Ukishuka, ni miguuni.

"Uko wapi?"

"Kifuani."

Mkono ukasogea. "Na sasa?"

"Begani. La kushoto."

"Na sasa?"

"Gotini," nikasema. "Kwenye kidonda." Nilitia hilo la kidonda ili asadiki zaidi.

Nilisikia kaka akivuta kamasi mahali fulani karibu na mlango. Nilifikiri nimeshinda, nikaona shule, nikaona jina langu kwenye ubao wa waliochaguliwa. Mama akaja kivulini. Akanishika mkono wangu, akanifungua vidole, akauweka juu ya kiganja chake kile alichokuwa amekinyanyua. Kilikuwa kimelowa maji ya vyombo. Nilikipapasa chote, hadi kwenye kifundo, nikakipapasa tena, na hakikuwa na kioo wala kitu chochote.

Mama alianza kulia.

"Mama," nikasema, "niulize tena."