Kipa Aliyevaa Kitenge

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, wakati nikisoma koleji ya wavulana pekee hapa Bukavu. Nakupa habari hii kwa sababu juzi ulisema utaacha teatre, hayo maigizo yako ya jukwaani, eti wenzako wa basket wanakucheka. Kaa basi, usiangalie saa.

Siku zetu mpira ndio ulikuwa kila kitu. Mchezaji alitembea kifua mbele, na hata mapadri wa shule walimsamehe akichelewa. Sisi wa teatre tulionekana wavivu wanaokimbia jua. Tena, kwa kuwa shule haikuwa na wasichana, sehemu za wanawake zilichezwa na wavulana, na hapo ndipo dharau ilipozidi. Wote walikataa kuzicheza, isipokuwa Bahati, kipa wetu, mtoto wa mtaa wa Cimpunda, mrefu kama mlango. Alipenda vyote viwili na hakuona kwa nini achague.

Kapiteni akamwonya mbele ya timu nzima: akivaa kitenge jukwaani, asikanyage tena goli letu. Goli lilikuwa maisha yake. Lakini alikuwa amekwisha kumwambia mama yake aje kumtazama.

Siku ya wazazi, ambayo tungeonyesha mchezo wetu, ikafika. Bahati akaingia amevaa kitenge, gunia la makaa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, ameinama vile mama zetu wanavyopanda mlima kutoka sokoni. Wanafunzi wakaangua kicheko. Kapiteni akapiga mluzi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikichungulia.

Mama yake akasimama katikati ya watu, mwanamke mfupi, alama ya kamba imechimbika kwenye paji la uso. Hakupaza sauti.

"Muko nacheka nani? Ile iko kazi yangu. Na masomo yenu, bamama benu baliibeba na mugongo."

Bahati alibaki ameinama palepale. Ndipo kapiteni akatoka kwenye kiti chake, akapanda jukwaani na viatu vyake vya matope, akaupokea ule mzigo kwa mikono miwili.

"Tua, mama," akasema, vile mtoto anavyompokea mama yake mlangoni.

Haikuwa ndani ya mchezo. Wazazi wengi walilia, na mimi nililia, sioni haya kukuambia. Mechi iliyofuata Bahati alisimama golini, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mwanangu, usiache teatre. Wala usiwadharau hao wa basket, maana jasho lao ni jasho kweli, na ukipenda kucheza nao, cheza. Wanaokucheka huenda hawajaona bado mtu wa nyumbani kwao jukwaani. Waache wacheke kwanza, wewe endelea mpaka wamwone.

Mungu akulinde na aibu isiyo yako. Na siku watakapokucheka, akupe mtu mmoja ukumbini wa kusimama kwa ajili yako. Nikiwa bado hai, mtu huyo atakuwa mimi.