Askari Kanzu wa Bata

Krismasi wajukuu wakiniletea nyama ya bata nawaambia irudisheni jikoni. Wananong'onezana ati bibi meno yamemwisha. Meno yangu yapo, asanteni sana, na nikimpata anayenong'ona nitamwonyesha yanavyouma. Bata simli tu. Leo nitasema kwa nini, halafu msiniulize tena.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, sisi tukiiita emajensi, mume wangu alikuwa seremala katika shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Tulikuwa tumetoka magharibi, nchi ya kuku na ugali wa wimbi, tukapewa chumba kwenye laini ya wafanyikazi. Ng'ambo ya bomba la maji ilikuwa laini ya Wakikuyu. Sisi tuliachwa tupite. Wao, hata kwenda Thika kununua chumvi ilikuwa ni kuomba ruhusa, na jioni waya ulifungwa, na homgadi mwenye bunduki akakaa hapo.

Mume na mke waliokuwa jirani zetu upande ule ndio walionizalisha. Uchungu ulinishika baada ya saa ya kutotoka nje. Hakuna gari, hakuna nesi, na mume wangu anazunguka chumbani kama kuku aliyefungwa mguu. Yule mama alinisikia nikilia, akapita chini ya waya na mumewe. Mumewe akasimama mlangoni kwangu na mikono juu ya kichwa, uso kwa homgadi, akisema kwa sauti, "Ni mzazi, ni mzazi, msipige risasi." Alisimama hivyo mpaka mtoto wa pili akatoka. Ndipo nikawa Mama Mapacha.

Huyo baba alinitania kila asubuhi bombani. "Mama Mapacha, leo mmemmaliza kuku wa nani?"

"Wako, kama ungekuwa naye."

"Mwanamume hali ndege. Ndege ni chakula cha watoto."

"Ndiyo maana una miguu ya korongo, shemeji. Kula ndege unenepe."

Alicheka. Wakikuyu wa rika lake walikuwa hivyo, kuku hawamgusi, sembuse ndege wa porini. Ndiyo sababu bwana mwenye shamba alimpa kazi ya mashua bwawani, kuokota ndege waliopigwa. Bwana alipenda kuwinda bata, na mtu wa kwetu angewaokota kumi akapeleka saba. Shemeji aliwaokota kumi, akapeleka kumi, kisha akanawa mikono.

Sasa, bwana huyo alikuwa fundi wa mitambo wakati wa vita, na mtu wa mitambo akikosa kazi huleta balaa. Alimwagiza mume wangu achonge bata wa mbao, mwepesi, tumbo likiwa wazi. Ndani akatia mota ndogo na betri. Chini ya mkia akaweka pangaboi ya kusukuma maji, na nyuma yake usukani. Mbele, chini ya mdomo, zilitoka waya mbili ndefu kama sharubu za paka. Sharubu zikigusa tete, usukani unageuka wenyewe na bata anashika njia nyingine. Hakuna kamba, hakuna mtu wa kumvuta. Unamwachilia tu, naye anatembea bwawa zima kama mwenye shamba.

Siku ya kwanza tulisimama kwenye ukingo tukashika midomo. Bata wa kweli walikuwa wakizunguka juu wakiogopa. Walipomwona mwenzao anaogelea bila wasiwasi, wakashuka. Bwana na wageni wake walikuwa wamejificha kwenye tete. Mlio wa bunduki ukatuziba masikio.

Nilikumbuka nyumbani. Kwetu hunasa isindu, kale kandege kadogo ka nyasini, kwa kutumia isindu mwingine. Unamtia katika kikapu, unakipandisha juu ya mti mrefu, naye anaimba alfajiri. Wenzake wakisikia wanakuja, na chini kuna mitego. Lakini yule angalau anaimba kwa sababu ana upweke. Huyu wa bwana hakuwa na chochote ndani ila betri.

Shemeji alipomtoa majini alimpangusa, akanigeukia. "Unamjua huyu ni nani?" akaninong'oneza. "Huyu ni askari kanzu wa bata."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikatazama nyuma nione kama kuna aliyesikia. Siku hizo mtu alicheka kwanza, halafu akaangalia nyuma.

Mama mkwe alikuja kutoka magharibi kuwaona mapacha. Mwanamke mfupi, mkali, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na nyama alikuwa anaipenda kuliko mtu yeyote niliyemjua. Shamba letu halikuwa na nyama. Aliwatazama bata wakianguka kutoka angani Jumamosi na Jumapili, wote wakipelekwa kwa bwana, akatikisa kichwa. "Nchi gani hii," alikuwa akiniuliza, "chakula kinaanguka kutoka mbinguni na nyinyi mnakula sukuma?"

Jumamosi moja kulikuwa na ukungu mzito. Bwana alikuwa na wageni, mmoja wao ofisa wa polisi. Shemeji akamwachilia bata wa mbao, naye akaingia kwenye ukungu, asirudi. Walimtafuta kwa mashua asubuhi nzima. Bwana alikuwa mwekundu kama pilipili kwa aibu mbele ya wageni. Yangeweza kuishia hapo, tungesema ni hasara ya mchezo. Lakini yule ofisa akauliza ndani kulikuwa na nini. Betri. Waya. Mota. Siku zile, vitu hivyo vitatu vikitajwa pamoja na Mkikuyu, hakuna aliyefikiria mchezo tena. Watu wa msituni walikuwa wanaunda bunduki kwa mabomba na makomeo ya milango, nani hakujua?

"Aliyemshika mwisho ni nani?"

Walimchukua kabla ya chakula cha mchana, na suruali yake ikiwa bado imelowa.

Mkewe alikuja kwangu mbio, leso imemwanguka. "Ngai! Mama Mapacha, wamempeleka kambini kuchujwa! Ati ameiba bata! Yeye, bata! Atampeleka wapi?" Nilimshika, tukalia wote wawili. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, pacha mmoja mapajani, kimya. Alikuwa ametoka kuokota kuni, akasema kichwa kinamuuma. Sikumtazama mara mbili. Ningemtazama vipi na mwenzangu yuko chini analia?

Jumapili hakula. Jumatatu hakula, naye mtu wa kula. Jioni nilimwekea uji mbele nikamwambia kwa ukali, mama, kama unataka kufa nenda ukafie kwako, hapa kuna matanga ya kutosha. Akanivuta nje, nyuma ya jiko, penye mgomba, akaonyesha udongo uliotifuliwa.

Nilichimba kwa mikono. Kwanza likatoka bawa la mbao.

Alikuwa amemkuta upande wa pili wa bwawa, kwenye tete, sharubu zimepinda, anasukuma matope na haendi mbele wala nyuma. Akaona ni bata aliyejeruhiwa asiyeweza kuruka. Mtu yeyote wa kwetu angefanya alivyofanya. Alitazama huku na huku, akamshukuru Mungu, akamgonga rungu la kichwa. Kichwa kikatoka. Damu hakuna. Na ndege asiye na kichwa akaendelea kunguruma mkononi mwake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu, ukikutana na kitu cha namna hiyo, hukiachi njiani kikamkamata mtoto wa mtu. Uliyekigonga ndiye unayekizika, na husemi. Ukisema kinakufuata mpaka nyumbani, na nyumba yenye mapacha ndiyo inayokipenda zaidi. Alinyamaza kwa ajili ya wanangu. Alipomwona jirani analia aliona ni kitu kile kimeanza kazi yake, akazidi kunyamaza, akaacha kula ili kife naye.

"Umewaua watu, mama," nilimwambia. Nilisema hivyo hivyo, mkwe au si mkwe.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alikaa kitandani kama aliyepigwa. "Tumrudishe bwawani tu," akasema. "Waone wenyewe."

"Na shingo iliyovunjika watasema nini? Na udongo?"

"Mimi ndiye niliyemchonga! Wakikuta waya umezikwa kwangu, unafikiri watauliza kabila? Watoto hawa utawapeleka wapi?"

"Na yule aliyesimama mlangoni mikono juu," nikamwuliza, "aliuliza watoto ni wa nani?"

Mume wangu hakuwa mtu mbaya, aliogopa, na mimi pia niliogopa. Jumanne asubuhi nilimvika mama mkwe leso yake nzuri, nikamtia bata kikapuni pamoja na kichwa chake, tukaenda nyumba kubwa. Nilijua huenda tusirudi. Mapacha niliwaacha kwa mke wa shemeji, na nilimweleza kila kitu. Hakunitukana. Alisema tu, "Nenda upesi."

Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kichwa, akamtazama mama mkwe na urefu wake wote wa kuku, akacheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho. Akamwita memsabu aje asikie. Akataka mama mkwe aonyeshe alivyomgonga, na mama, bila kuelewa, akidhani ndiyo adhabu, akainua mkono akaonyesha.

"Na shemeji yetu, bwana?" nikauliza. "Yule wa mashua. Hajaiba."

"Ndiyo, ndiyo. Nitapiga simu."

Nilikimbia njia nzima kurudi. Nilimwambia mwenzangu, atarudi, bwana anapiga simu, pika. Akapika. Tukakaa na sufuria ile mpaka chakula kikapoa, tukakipasha moto, kikapoa tena.

Alhamisi nilikwenda tena. Bwana alisema simu alipiga. Lakini huko kambini, akasema, mambo ya bata yalikuwa yamepitwa. Walimpitisha mbele ya gakunia. Nieleze kwa wale mliozaliwa baadaye, huyo alikuwa mtu aliyevikwa gunia mwili mzima, matundu mawili ya macho, anakaa kwenye kiti na watu wanapita. Akitikisa kichwa, umekwisha. Ni mtu wenu huyo, mmekula naye, lakini hamtajua ni nani. Gunia lilimtikisia shemeji kichwa.

"Sasa si mkono wangu," bwana akasema.

Wiki hiyo mume wangu aliagizwa achonge shingo mpya. Alichonga. Nilimnyima maneno mwezi mzima, halafu nikachoka, kwa sababu angefanya nini? Bata akarudi bwawani. Na kila wageni wapya walipokuja, mama mkwe aliitwa aje aonyeshe rungu, mpaka nikampeleka stesheni nikampandisha gari la moshi arudi kwake. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza habari za mwenye mashua.

Mkewe alihamishiwa kijiji chenye handaki na miti iliyochongwa ncha, upande wa Ruiru. Nilimpelekea unga kila nilipoweza. Hatukuzungumza juu ya bata. Tulizungumza juu ya unga.

Shemeji alirudi mapacha wakiwa wameanza shule. Emajensi ilikuwa inaisha. Jioni moja nilimwona anakuja na mkewe polepole, mguu mmoja anauburuta, na ile miguu ya korongo ilikuwa imekuwa fimbo tupu. Nilipiga ukelele, nikamkumbatia mbele ya mume wangu na mbele ya mkewe. Mama mkwe alikuwa amerudi hapo shambani kuwalea watoto. Aliuliza kwa lugha yetu, huyu ni nani? Nikamwambia. Akainuka akatoka nje, na mara tukasikia jogoo analia. Alikuwa jogoo wake mmoja tu, aliyemleta kutoka magharibi kapuni.

Jogoo akaiva, akaletwa na ugali. Mimi na mkewe tukatazamana. Nilitaka kusema, shemeji hali ndege, nimkaangie mayai. Lakini alinawa, akachukua paja, akala. Hakutania. Nilingoja aniulize tumemmaliza jogoo wa nani. Hakuuliza.

Baada ya muda akasema, "Mama Mapacha. Yule bata. Alipatikana?"

Nikamtazama mkewe. Alikuwa anatazama sakafu. Hakuwa amemwambia, na simlaumu.

"Alipatikana, shemeji."

"Lini?"

"Jumanne. Jumanne ile ile baada ya kukuchukua."

Alitafuna. Alimeza. Aliweka mfupa kando ya sahani, vizuri, kama mtu anayepanga misumari.

"Jumanne," akasema. "Mimi nilikubali Ijumaa. Walitaka niseme waya nilimpa nani. Nikasema sijui, nikasema hivyo mpaka mguu huu. Ijumaa nikawapa majina mawili. Wanaume wawili wa laini yetu."

Nilikuwa nawajua wanaume waliochukuliwa wikendi ile kutoka laini yao. Kila mtu alikuwa anawajua. Hakuna aliyekuwa amerudi.

Mume wangu alitoka nje. Mama mkwe hakuwa ameelewa kitu. Aliinama juu ya sufuria, akaitafuta firigisi ya yule jogoo, ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote nyumbani, akaiweka kwenye sahani ya shemeji kwa mikono miwili, akamwambia maneno kwa lugha yetu.

"Anasema nini?" shemeji akaniuliza.

"Anasema ule."

Akala.