Pikipiki ya Mzee Jirani na Safari ya Gashonga

Mwezi uliopita nilikuwa Kamembe, kwenye barabara ya kiwanja cha ndege, nimejibanza chini ya bati nikingoja mvua iishe. Pikipiki moja kuukuu ikapita ikitoa moshi wa buluu. Wengine wote waliokuwa pale wakaziba pua. Mimi nikasogea mbele nikauvuta ule moshi mpaka machozi yakanitoka, na mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama niko mzima. Nikamwambia niko mzima, nimekumbuka watu wangu tu. Kaa basi nawe nikusimulie.

Tulikuwa tumerudi Kamembe, upande wa Rwanda, kutoka Bukavu ng'ambo ya mpaka, muda si mrefu. Ilikuwa ile miaka ambayo watu walivuka mpaka na magodoro kichwani, leo huku, kesho kule. Siku tuliposikia milio ya risasi ng'ambo ya ziwa, Koko alituingiza ndani, kisha akaendelea kuchambua maharage yake kama vile ni radi ya kawaida. Koko ndiye bibi yetu, mama mzazi wa Papa. Maman alikuwa akivusha nyanya na mchicha kwenda kuuza Bukavu kila siku ambayo mpaka ulifunguliwa. Papa alikuwa amepata kazi ya ualimu Gashonga, na gari la kutegemea halikuwepo. Aliondoka kwa miguu kila Jumapili mchana, akarudi Jumamosi na vumbi hadi magotini, akasinzia na tonge la bugali mkononi. Mdogo wangu aliamini kwamba baba ni kitu cha Jumamosi, kama kuoshwa kichwa.

Jirani yetu alikuwa mzee fundi wa saa. Alipokimbia kutoka Bukavu hakuchukua nguo wala vyombo. Alivuka daraja akisukuma pikipiki yake ndogo, saa moja ya ukutani imefungwa juu ya kiti. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya aina ile inayotaka lisansi, yaani petroli, ichanganywe na oili humo humo kwenye tangi. Sasa binti yake wa Kigali alikuwa amemwita akaishi naye, na pikipiki haikuwa na pa kwenda. Jumamosi moja akaja kwetu.

"Muwalimu," alimwambia Papa, "mimi siiuzishe. Benye kuja bote banataka kuivunja bachukue pyesi. Weye nakupatia, lakini uitunze kama muntu."

Macho ya Papa yalikuwa yameshaipanda. Maman naye alitaka, nilimwona. Aliyekataa ni Koko.

"Kitu yenye kutoa moshi vile iko na kifua," alisema. "Na ya bure tena! Inakunywa nini?"

"Lisansi na mafuta, Mama," mzee akajibu kwa heshima.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwa Koko mafuta yalikuwa mawese tu, na mawese yetu yalikuwa chupa moja. "Batoto bangu banakula sombe kavu, chuma nayo inataka mafuta?" Akainuka, akaificha chupa chini ya kitanda chake, na wiki nzima tulikula ile sombe, kisamvu chetu, bila mawese kwa ajili ya usalama. Maman alimweleza mara tatu kwamba ni mafuta mengine, ya gereji. Koko aliitikia kila mara, na chupa ikabaki pale pale.

Papa hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Akaomba tu waijaribu. Koko akakubali kwa sharti moja: atapanda mwenyewe, tena mpaka Gashonga. "Kama ni ya kuua, nijue inavyoua." Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akapanda nyuma na kitenge chake cha kanisani, amekaa upande mmoja, rozari mkononi. Mimi nikawekwa mbele juu ya tangi kwa sababu nililia. Tuliondoka kwa mlio kama wa mtu anayekohoa ndani ya ndoo, na wanakwaya wote wakaruka mferejini na vitabu vyao.

Mahali pa tambarare tulikwenda vizuri, hata nikasikia Koko akicheka, ingawa baadaye alisema alikuwa anasali. Kisha ukaja mlima. Pikipiki ikaanza kunung'unika, ikapunguza, ikapunguza, mpaka mwanamume aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani akatupita.

"Muwalimu, mupumuzike kidogo," alituambia bila dhihaka yoyote.

Koko akashuka, akafunga kitenge vizuri, akaanza kupanda kwa miguu. Papa akafungua buji, ile plagi ya kuwasha injini, akaifuta kwa leso yake ya misa, akaipuliza, akairudisha, ikawaka, ikazimika. Tulipofika juu tukisukuma, Koko alikuwa ameketi kwenye jiwe, ameshapumzika, ameshapewa muwa na wenyeji na amebakiza kipande chetu.

"Naona iko na mbio," alisema.

Papa alikuwa ameloa jasho. Tulipokaribia shule akasimama. "Mama, tugeukie hapa. Umeona, inatosha."

"Nataka kuona kwenye unalala."

"Ni chumba tu, Mama. Nilikuambia, kizuri, kiko na dirisha."

Koko alishuka akatangulia. Chumba kilikuwa stoo ya shule. Madawati mawili yamesukumwa pamoja, mkeka juu yake. Pembeni miguu ya meza iliyovunjika na maboksi ya chaki. Dirisha lilikuwepo kweli, limezibwa kwa gunia. Kwenye sufuria viazi vitamu vya Ijumaa vilikuwa vimekauka. Koko akaketi juu ya yale madawati, akayabonyeza kwa kiganja mara mbili, kama anavyopima godoro mtu wa sokoni. Papa alisimama mlangoni, akitazama viatu vyake. Sikuwahi kumwona Papa akiwa mtoto wa mtu mpaka siku ile.

"Hii moto," Koko akauliza polepole, akiionyesha pikipiki kwa kidole, "inajua kurudi Kamembe leo?"

"Inajua, Mama."

"Basi funga shuka zako. Na kama iko inataka mafuta, tutaipatia."

Tulirudi mimi nimekumbatia sufuria, Koko amebeba mkeka begani kama bunduki, na kila kilima tulishuka wote bila kuambiwa.

Jumatatu jioni, jua likiwa bado liko juu ya ziwa, Papa akaingia uani akitoa moshi, ametoka kufundisha. Hatukujua la kufanya na baba siku ya Jumatatu. Mdogo wangu alimtazama kwa huruma. "Papa, bamekufukuza kazi?"

Pikipiki ilidumu nasi miaka kadhaa, ikawa inakaa zaidi kuliko inavyotembea, mwishowe ikakaa moja kwa moja. Koko naye alishatuacha. Lakini nisikufiche, ninachokitamani zaidi ni ule mlio. Kila jioni tuliusikia tangu kwenye kona ya mikaratusi, Maman akamwaga unga kwenye maji yanayochemka, na Papa alipozima pikipiki bugali ilikuwa inapakuliwa. Siku hizi mume wangu hunipigia simu akiwa njiani. "Niko karibu," husema. Namwaga unga, nasonga, napakua, naketi mezani nasikiliza barabara, na bugali inapoa.