Siku Reposo Alipopiga Hodi Kwao

Kama hujawahi kumwona Reposo Valderas akivuka daraja na wageni wake, kaa kidogo nikueleze. Anatangulia mbele, mfupi, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani, mkono wa kulia ameuinua juu. Waongoza wageni wengine hubeba mwavuli au kibendera. Yeye hubeba kigae kimoja cha buluu alichokipaka rangi mwenyewe. Katikati ya daraja husimama, akawageuza wageni wautazame mji walikotoka.

"Iageni Sevilla, jamani," huwaambia. "Kule nyuma ni Sevilla. Huku mbele ni Triana. Ramani ikiwaambia ni mji mmoja, jueni ilichorwa na mtu wa ng'ambo ile."

Wageni hucheka. Sisi hatucheki, kwa sababu ni kweli. Marehemu mama yangu alikuwa akivuka daraja kwenda kununua kitambaa, mwendo wa dakika kumi, lakini alituaga kama msafiri: "Naenda Sevilla, chakula kiko jikoni."

Kazi hii Reposo hakuianza ujanani. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye karakana ya vigae akipaka majani ya limau na sura za watakatifu. Karakana ikafungwa, naye ana miaka arobaini na tisa na vidole vimeanza kumuuma. Wenzake walilia mwezi mzima. Reposo alilia siku moja, ya pili akanunua daftari. Akafanya mtihani wa cheti cha kuongoza wageni, akafeli, maana swali la nne hakulijibu, alilisahihisha. Aliwaandikia watahini ukurasa mzima kuwaonyesha walikokosea. Mwaka uliofuata aliwajibu walivyotaka.

"Nimewapa uongo wao," aliniambia, "nao wamenipa cheti changu."

Basi amewatembeza watu miaka minane sasa. Anawapitisha kando ya mto, sokoni, kwenye matanuri ya zamani ya wafinyanzi, lakini kitovu cha matembezi yake ni nyumba moja ya ua iliyo mkabala na baa yangu. Vyumba kumi na vinane vimeuzunguka ua mmoja. Kuna kisima kimoja, karo moja la kufulia, mlimau mmoja, na zamani kulikuwa na choo kimoja kilichowafundisha watu subira. Reposo alizaliwa chumba namba tisa. Siku hizi zimebaki kaya saba tu, na mkubwa wao ni Bi Eduvigis Montoro, miaka themanini na sita, wa chumba namba moja. Dirisha lake la vibao liko hapo hapo kando ya mlango wa barabarani.

Mlango huo hukaa wazi mchana kutwa, ila uwazi wake si ruhusa. Anayekuja husimama kizingitini akapiga hodi ya kwetu: "Salamu Maria uliye safi!" Halafu anangoja. Wa ndani akiitika "Uliyekingiwa dhambi!" ndipo mguu unavuka. Asipoitika mtu, unageuka unakwenda zako, wala huulizi. Labda mtu anaoga kwenye beseni. Labda mume na mke wanarushiana maneno. Labda hawakutaki tu, na hiyo pia ni haki yao.

Miaka ya mwanzo Reposo aliwafundisha wageni kuita kwa pamoja, na ilikuwa raha kuwasikiliza. Kisha wageni wakaongezeka, muda ukabana, hodi ikafupika. Ikafika akawa anaita huku ameshaingia. Mwaka huu hakuita kabisa. Hakuna aliyemwambia neno. Nani atamwambia mtoto wa nyumba apige hodi kwao?

Mwezi wa Aprili wenye ua wakaanza kusema wafunge, wageni wasiingie tena. Kura ikapangwa Jumatatu moja ya Mei. Kaya tatu zilitaka kufunga, tatu zilitaka kuacha wazi, na Bi Eduvigis hakusema kitu. Ila kila aliyepita pale dirishani alijua kwamba bibi amenuna.

Alhamisi kabla ya kura, Reposo aliingia kwangu asubuhi kunywa kahawa. Nilikuwa naosha konokono wa kupika. Mei bila konokono hapa kwetu si Mei.

"Bila ua ule nitawaonyesha nini?" aliniuliza. "Kuta? Kuta wanazo makwao."

"Kamwombe radhi kwa zile chupi," nilimwambia. Maana mtaa mzima uliamini ugomvi ni huo: mgeni mmoja alipiga picha kamba ya nguo, na chupi za Bi Eduvigis zikazunguka dunia kwenye simu za watu.

"Nilishamwomba. Kaniambia chupi zenyewe nzuri, zimeshonwa na dada yake, dunia na ijifunze."

"Sasa kanunia nini?"

"Ningejua ningekuwa nakunywa kahawa yako chungu hii saa hizi?" Akavaa miwani, akachukua kigae chake. "Lakini hanishindi. Naijua nyumba ile kuliko kiganja changu."

Saa tano na nusu alirudi na watu kumi na wanne, walimu wastaafu kutoka Burgos, kaskazini huko kwenye baridi. Alikuwa anakuja kwa mwendo wake ule wa mwenye mtaa, huku akieleza. Akafika mlangoni, akasimama ghafla hata aliyemfuata akamgonga mgongoni.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mchana. Mimi nimekaa mkabala na mlango ule maisha yangu yote, na nimeuona umefungwa mchana siku za msiba tu.

Nikavuka barabara na aproni yangu. "Kuna mtu kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nasikia feni ya Bi Eduvigis," alijibu Reposo kwa sauti ya chini.

"Ufunguo wa marehemu mama yako si unao? Fungua."

Aliutoa mfukoni akautazama. Ufunguo mrefu wa chuma, mzito. Kisha akaurudisha.

"Nikiingia kwa ufunguo leo, Jumatatu nitatoka kwa kura."

Akaweka mikono viunoni akaita: "Salamu Maria uliye safi!"

Kimya. Akaita tena. Kimya, na ile feni inakoroma nyuma ya vibao.

Mwalimu mmoja, Bwana Evelio, mrefu, aliyewahi kufundisha jiografia, alitazama saa yake. "Dada, basi letu linatungoja saa saba. Asipoitika?"

"Asipoitika tunaondoka," alisema Reposo. "Lakini desturi haijasema tuondoke kimyakimya. Sogeeni kivulini." Akaugeukia mlango uliofungwa, akaanza kueleza kana kwamba uko wazi. Akawaonyesha kisima kwa kidole, karo, mlimau, wapi palikaa nani. Nawaambieni, tuliviona. Akafika kwenye mafuriko.

"Mto ulipanda ukatuingilia humu ndani," alisema. "Maji yakafika ngazi ya tatu, na akina mama wakawabeba kuku wao juu—"

"Ya tano!"

Sauti ilitoka dirishani. Walimu wote wakageuka.

"Ngazi ya tano!" ilisema tena ile sauti. "Ya tatu ilizama hata sijavaa viatu."

"Mama aliniambia ya tatu, Bi Eduvigis."

"Mama yako alikuwa juu ya paa anapiga mayowe. Ngazi angeziona saa ngapi? Na hawakuwa kuku. Alikuwa nguruwe. Mmoja. Akamwuma padri."

Walimu wakaangua kicheko. Bwana Evelio akasogea dirishani, mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Samahani, bibi. Siku zile za maji huyo nguruwe mlimlisha nini?"

"Nani huyo?"

"Evelio, mwalimu mstaafu, natoka Burgos."

"Burgos! Maskini. Umekuja na sweta?"

"Ninayo begani."

"Iweke kwenye mfuko, hapa utaiva. Tulimlisha machungwa yaliyokuwa yanaelea kutoka ng'ambo. Ni mara ya kwanza na ya mwisho Sevilla kutusaidia."

Reposo hakucheka. Alikwenda akasimama karibu kabisa na vibao vya dirisha.

"Bi Eduvigis, nimekukosea nini? Kama ni zile chupi—"

"Achana na chupi!"

"Basi niambie. Nipo hapa."

Feni ikazimwa. Nilijua sasa bibi atasema.

"Wewe binti," alisema, "tangu afe mama yako, anayeitika hodi katika ua huu ni mimi. Ndiyo kazi yangu. Sina nyingine. Ulipoanza na wageni wako, uliita, nikaitika, wakageuka kuangalia nani kaitika, nikawapungia mkono. Nilikuwa navaa hereni Jumanne na Alhamisi, hujui hilo. Baadaye ukawa unaita huku unaingia, unanikata neno mdomoni. Sasa huiti kabisa. Unanipita hapa kama nguzo, unakwenda kuwaeleza watu mafuriko niliyoyaogelea mimi, na yenyewe unayakosea!"

Reposo, ambaye aliwasahihisha watahini, alivua miwani. Akasema kwa sauti ndogo: "Nilidhani kwetu hakupigwi hodi."

"Kwenu ni namba tisa, na namba tisa anakaa mtu mwingine. Uani ni kwetu sisi tuliobaki."

Nilidhani ataondoka. Angalau mimi ningeondoka. Reposo alirudi kizingitini, akavuta pumzi, akawaambia walimu: "Njooni nyuma yangu, wote. Tutaita mara moja, kisha hakuna kusema, hata kukohoa."

Wakaita kwa pamoja, sauti kumi na tano, mpaka njiwa wakaruka kutoka paani. "Salamu Maria uliye safi!"

Tukangoja. Saa ya Bwana Evelio ilionyesha saa sita na dakika ishirini; alifungua mdomo, mkewe akamfinya. Upande wa pili wa barabara konokono mmoja alipanda ukingo wa karai langu akaanza safari, nami sikwenda kumrudisha. Reposo hakutikisika. Jasho lilimteremka shingoni, lakini kichwa chake kilikuwa juu vile vile, na niliona kwamba angekaa pale mpaka jua lizame, basi la Burgos liondoke na Jumatatu ifike.

Komeo likagonga. Mlango ukafunguka wote, na Bi Eduvigis akajaza kizingiti, mdomo umepakwa rangi, hereni za Jumapili masikioni. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaitika kwa sauti iliyofika mtoni:

"Uliyekingiwa dhambi!"

Jumatatu kura zilikuwa nne kwa tatu, ua ukabaki wazi. Bi Eduvigis alitoa masharti mbele ya wote. Wageni ni Jumanne na Alhamisi tu. Hodi ipigwe na isubiriwe. Na mafuriko atayaeleza yeye mwenyewe. Mawili ya kwanza Reposo aliyakubali papo hapo. La tatu alitaka kulipunguza.

"Mafuriko yana dakika sita, Bi Eduvigis," alijaribu.

"Mafuriko yalikuwa na siku tatu."

Alhamisi iliyofuata mlango ulikuwa wazi nikaona kila kitu kutoka kwangu. Bi Eduvigis kaketi kitini kando ya kisima, wageni wamemzunguka. Alianza na ngazi ya kwanza. Dakika arobaini zikapita, maji yakiwa yamefika ya nne, na nguruwe bado hajatajwa. Reposo alikuwa amesimama nyuma kabisa. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akasogea kwenye karo la kufulia, akajifutia nafasi ukingoni kwa kiganja, akaketi kati ya wageni wawili, akasikiliza.